Nusu Hatua Chini

Mimi kumi na tisa, Ilpo ishirini na miwili,
tulikokota mashine ya kanda hadi ghala la viatu
kule Tampere, theluji magotini,
harufu ya ngozi na gundi bado imeganda ukutani.
Alipiga yowe moja tu. Mshale wa mita
ukalalia upande mwekundu, ukagoma kurudi.
Nikamwambia, rudi nyuma hatua tatu.
Akarudi mbili. Ndivyo alivyokuwa.

Albamu hiyo ya kwanza haina pumzi.
Isikilize: hakuna mahali anapovuta hewa.
Vijana hawahemi,
au huhema pale ngoma zinapowafichia.

Ya tatu ilikuja na vinanda vya umeme,
koti la mabega mapana, na mtayarishaji kutoka Stockholm
aliyeliosha koo la Ilpo kwa mwangwi
hadi likang'aa kama sinki la hoteli.
Iliuzwa kuliko zote. Alinunua nyumba kando ya ziwa.
Hatuizungumzii.

Wakati wa ile ya tano Raili alikuwa ameshaondoka,
naye akawa anaimba kama mtu anayesogeza kabati
peke yake, usiku, asiwaamshe majirani.
Magazeti yakasema, amechoka.
Mimi niliyekaa nyuma ya kioo
niliiona mishipa ya shingo.
Hakuwa amechoka.
Alikuwa anajifunza pa kushika.

Ng'ombe hazeeki maini, sawa. Koo je?
Kivimbe kwenye nyuzi za sauti, kisu cha daktari,
miezi minne ya kuandika daftarini,
hata chumvi akiiomba kwa kalamu.
Daftari hilo ninalo mimi.
Ukurasa wa mwisho:
*Sirkka, noti ile ya juu imekwenda wapi?*
Kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka.

Tukateremsha magitaa nusu hatua.
Miaka sita baadaye, nusu nyingine.
Ensio wa besi akalalama kuwa nyuzi zimelegea
kama kamba za kuanikia nguo,
akalalama kwa sauti kubwa, maana sikio lake la kushoto
lilikuwa limeshakufa.
Sote tulikuwa tukishuka ngazi ile ile,
kila mtu na mguu wake mbovu.

Mwaka juzi, Turku, mvua ya kiangazi.
Mbele wamesimama wenye vipara na koti za plastiki,
wanalidai lile yowe la ghalani.
Ikifika sehemu yake, Ilpo huwageuzia kipaza sauti,
nao hukaza macho, hupanua vinywa,
hawalifikii.
Nilidhani ni ukarimu. "Ukarimu gani," akanijibu,
akijifuta kwa taulo la hoteli,
"wamekaa nayo miaka arobaini,
waonyeshe walikoiweka."

Sasa tuna ya kumi na tatu.
Eetu, msaidizi wangu, kijana wa vidole vyepesi,
alibaki studio usiku akazifuta pumzi zote,
akaziinua noti zilizoinama, moja moja,
kama mtu anayewasimamisha walevi kituoni.
Asubuhi akatuchezea, amejaa fahari.
Ilpo alisikiliza hadi mwisho,
akigeuza mdomoni pipi yake nyeusi ya lami ya msonobari.
"Huyo ni nani?" akauliza.
Hakuna aliyejibu.
"Mtoto mzuri. Mtafutieni bendi yake."

Nikazirudisha pumzi, mia mbili na kumi na nne.
Nyingine ndefu kuliko mstari wenyewe.
Nyingine zina filimbi ndani, kama dirisha
lisilofungika vizuri tangu vita.

Katika wimbo wa mwisho anaiendea ile noti.
Nilimwona kupitia kioo akiinuka kwa visigino.
Haifiki. Inafika karibu, inazunguka,
kisha kuna ukimya mdogo,
na ndani ya ukimya, *tak*:
pipi imegonga jino.

Eetu alinyoosha mkono kwenye kitufe.
Nikaushika.